Uliza Mwalimu: Pono analala kweli au tunamsingizia?

Mwezi huu maswali yamejaa simu mpaka inakwama, nadhani ni hizi mvua, watu wamejifungia ndani hawana pa kwenda wanaanza kujitazama vidole na kuhesabu mijusi ukutani. Nimechagua machache. Wale mnaoulizia namba za bahati na dawa ya kumrudisha mume, jamani, mi nilikuwa nafundisha baiolojia, mlango huo sio wangu.

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu akishalala hata paa lidondoke hasikii. Juzi wezi wameingia uani wamebeba ndoo mbili na baiskeli, mbwa wa jirani kabweka mpaka sauti imemkauka, yeye kimya. Mama yake akacheka tu akasema "mwanangu analala kama pono". Mi pono namjua wa kukaanga, sijawahi kumuona amelala. Ni kweli analala hivyo au tunamsingizia? – Mama Wawili, Sahare

Marahaba mwanangu, na pole ya baiskeli. Mkweo hajakosea hata kidogo. Wazee wa pwani walioanza kusema "usingizi wa pono" hawakusoma popote, waliona kwa macho yao, na ni katika misemo michache ambayo ukiipeleka kwa wataalamu wa bahari wanatikisa kichwa wanasema ndiyo, ni hivyohivyo.

Pono ni yule samaki wa kijani-bluu mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku. Mchana hatulii, anatafuna matumbawe, ukizamia karibu yake unamsikia kabisa, kru kru kru, kama mtoto anatafuna barafu. Jua likizama anaingia kwenye ufa wa mwamba, na hapo ndo mambo yanaanza: baadhi ya aina za pono wanatoa ute kutoka kwenye tezi za mashavuni (pale samaki anapopumulia), unatokea mdomoni unamfunika taratibu kuanzia kichwa mpaka mkia, mpaka analala ndani ya mfuko laini unaoonekana kama nailoni. Kila usiku anatengeneza mpya. Asubuhi anautoboa anaondoka zake.

Watu walidhani kwa muda mrefu ule mfuko ni wa kumficha harufu ili mkunga asimnuse usiku (mkunga samaki, sio mkunga wa kuzalisha, huyo tutakutana naye mwisho). Watafiti wa Australia wakajaribu kitu kingine, wakawaweka pono usiku pamoja na vile vidudu vidogo vya baharini vinavyonyonya damu ya samaki, wengine wakaachiwa mifuko yao na wengine wakavuliwa. Waliovuliwa karibu wote waliumwa, waliobaki nayo walioumwa ni wachache sana. Kwahiyo we unalala kwenye chandarua kwa ajili ya mbu, na pono naye ana chandarua chake, tofauti ni kwamba chake hakisubiri kampeni ya kugawiwa bure.

Na usingizi wenyewe ni mzito kweli, wavuvi wa usiku wanajua, unammulika tochi hata hashtuki. Mvuvi mmoja wa hapo hapo kwenu Sahare aliniambia zamani alikuwa anawaokota kwa mkono kama anachuma maembe.

Sasa kuna jambo mkweo hakukwambia. Pono wengi wanaanza maisha wakiwa majike, halafu baadaye baadhi yao wanageuka madume, na rangi zinabadilika kabisa, yule mwekundu-kahawia uliyemwona mwaka huu anaweza kuwa huyo wa bluu wa mwakani. Tena mawe anayotafuna yanatoka kwa nyuma yakiwa mchanga mweupe, pono mkubwa mmoja kwa mwaka anatoa mamia ya kilo. Ile mafungu ya mchanga mnayokwenda kupigia picha sikukuu, kiasi fulani kimepita tumboni mwa pono, msiwaambie wageni.

Ila nikuulize kitu kuhusu mzee. Anakoroma? Na katikati ya kukoroma ananyamaza kabisa kama pumzi imekatika, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu? Kama ndivyo huyo sio pono, mpeleke hospitali wamwangalie, njia yake ya hewa inaziba usiku na mchana atakuwa anasinzia hata kwenye daladala. Kama hakoromi, nunueni kufuli.

Mwalimu mambo. Kijiweni kuna ubishi mkubwa. Mmoja anasema pweza ana mioyo mitatu ndo maana supu yake inampa mwanaume nguvu, mwingine anasema huo ni uongo wa wauza supu. Tumewekeana dau kreti ya soda. – Mpenda Supu, Barabara ya 12, Ngamiani

Poa. Kreti mgawane nusu kwa nusu, kila mmoja kapatia kimoja.

Mioyo mitatu ni kweli. Miwili midogo kazi yake ni kusukuma damu kwenye mashavu ikachukue hewa, mmoja mkubwa unaipeleka mwilini. Na huo mkubwa pweza akiogelea unasimama, ndo maana utamuona muda mwingi anatambaa kwenye mawe badala ya kuogelea, kuogelea kunamchosha vibaya. Damu yake nayo sio kama yetu, yetu imebeba chuma ndo inakuwa nyekundu, yake imebeba shaba inakuwa na ubluu. Usitegemee bluu ya kalamu lakini, ni ya kufifia, na ikikosa hewa inakuwa haina rangi kabisa, ndo maana watu wanachinja pweza maisha yao yote hawajaiona.

Lakini mimi kinachonishangaza sio mioyo, ni minyiri. Pweza ana chembe za neva kama milioni 500, na theluthi mbili hivi ziko kwenye minyiri yake minane, sio kichwani. Yaani kila mnyiri una akili zake kidogo, unaweza kupapasa, kuonja (vile vikombe vinaonja, ndiyo, kama ulimi) na kushika kitu bila kusubiri amri. Jioni moja nilikaa kwa muuza supu hapo Ngamiani, anakatakata pweza aliyetoka majini muda si mrefu, kipande cha mnyiri urefu wa kidole changu kikang'ang'ania ubao. Akakibandua, kikang'ang'ania kisu. Akakipangusa kwa kidole gumba, kikashika kidole. Yeye anaongea tu na wateja habari za mpira, hata haangalii, mimi ndo nimesahau bakuli langu mpaka likapoa.

Haya, nguvu. Supu ya pweza ina protini nzuri, ina zinki, ina vitamini B12, mtu aliyeshinda kwenye jua kazini akinywa bakuli la moto lenye pilipili na ndimu lazima ajisikie mtu tena. Ila hakuna aliyethibitisha kwamba inafanya kile wauza supu wanachokonyeza jicho. Na wewe mwenyewe tafakari, pweza dume akishamaliza msimu wake wa kupanda majike, anaanza kudhoofika na baada ya muda anakufa. Jike naye anataga mayai maelfu kwa maelfu, anayalinda bila kula chochote, yakishaanguliwa naye anakwisha. Pweza wetu huyu wa mwambao anaishi mwaka na ushee basi. Sasa huyo ndo unataka akufundishe siri ya unyumba?

Kunyweni supu, ni tamu.

Mwalimu shikamoo, mimi nalima mwani. Nikikaa majini saa nzima bamvua likitoka vidole vinajikunja kama bibi wa miaka mia, binti yangu anasema ngozi imekunywa maji. Mbona tumbo na mapaja havikunywi? – Mama wa Mwani, Moa, Mkinga

Marahaba, na hilo swali la mapaja ni swali la mwanasayansi, mwambie binti.

Ingekuwa ni ngozi kulowana tu basi hata kidole kilichokatika neva kingejikunja, lakini hakijikunji. Madaktari waligundua hilo tangu miaka ya 1930, wagonjwa waliokatika neva ya mkono, kidole kikiwekwa majini kinabaki laini vilevile, na mpaka leo daktari akitaka kujua neva za vidole vya mtoto mdogo asiyeweza kujieleza anaweza kumtumbukiza mkono majini akasubiri. Kwahiyo ni mwili wenyewe unaamua. Maji yakiingia kwenye vijitundu vya jasho, neva zinaamrisha mishipa midogo ya damu ya ncha za vidole ibane, nyama ya ndani inasinyaa kidogo, ngozi ya juu inabaki na nafasi, inajikunja.

Faida yake? Mwaka 2013 kule Newcastle, Uingereza, waliwapa watu golori zilizolowa wazihamishe kutoka chombo kimoja kwenda kingine, wenye vidole vilivyojikunja wakawa wepesi zaidi. Golori kavu hakuna tofauti. Inaonekana ile mikunjo inapitisha maji kama kashata za tairi, mkono haustelezi. Na wewe unayefunga mwani kwenye kamba, kitu chenye utelezi kuliko sabuni, unahitaji hiyo mikunjo kuliko sisi wote. Ila utaona ukifua nguo kwa maji ya bomba vinajikunja haraka kuliko baharini, chumvi inachelewesha.

Tumbo na mapaja hayashiki kitu, ndo jibu la mapaja.

Mjukuu wangu ana mwezi mmoja, kwikwi haziishi. Mimi namwekea uzi uliolowa mate kwenye paji la uso, mkwe wangu mambo ya kisasa anataka kumpa maji. Nani sahihi? – Bibi wa Duga

Bibi wewe, kwa sababu uzi haudhuru (ila usiwe mrefu ukamwingia mdomoni). Maji asipewe mtoto wa mwezi mmoja, mpaka afikishe miezi sita maziwa ya mama yanatosha. Uzi hautibu, samahani, kwikwi za mtoto zinaisha zenyewe na we unakuwa umeshaweka uzi, sifa inakwenda kwa uzi.

Kwikwi ni ule msuli mpana chini ya mapafu, kiwambo, unajikaza ghafla, hewa inaingia kwa kasi na koo linajifunga papo hapo, ndo ile "kwi". Watoto wanaanza wakiwa bado tumboni, mama mjamzito anausikia mchezo unaopigapiga kwa mpangilio, huo sio mateke. Mkubwa akibana pumzi kidogo mara nyingi zinaacha, ila zikipita siku mbili mfululizo hapo aende kwa daktari. Mmarekani mmoja, Charles Osborne wa Iowa, zilimwanza mwaka 1922 akiwa anajaribu kumpima uzito nguruwe wa kuchinja, zikaja kuacha mwaka 1990. Miaka 68! Alioa, akapata watoto, anaendelea na kwikwi zake tu. Alifariki mwaka uliofuata.

Mkia wa mjusi ukikatika unachezacheza, ni kweli unatafuta mwenye nyumba? – Dogo wa darasa la sita, Chumbageni

Hapana, unakutafutia wewe kazi ya kuuangalia ili mwenyewe akimbie. Na wewe si uliuangalia? Basi kafaulu. Mkia una sehemu zilizopangwa kukatika, misuli inabana mishipa ndo maana huoni damu nyingi, na ataota mwingine, ila huo mpya ndani hauna mifupa, ni gegedu tu. Usimkate makusudi, akiba yake ya mafuta iko humo.

Mzee wangu, mimi mvuvi. Nimesikia silikanti anabeba mimba miaka mitano. Sisi zamani tukimkuta kwenye jarife tunamuona samaki wa mkosi, nyama yake haifai. Hiyo miaka mitano si chumvi? – Nahodha, Kigombe

Nahodha, ukiniuliza Kigombe na silikanti unaniuliza habari za kwenu mwenyewe, ila nitajibu kwa sababu naipenda hii habari kuliko zote.

Samaki huyu wataalamu walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, alama za mifupa yake zinaishia kwenye miamba ya miaka milioni 66 iliyopita, enzi dinosaria wanakwisha, wakasema basi naye kaisha. Desemba 1938 meli ya uvuvi Afrika Kusini ikamleta mmoja bandari ya East London, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamuona kwenye rundo la samaki, rangi ya bluu na mapezi kama mikono mifupi, akakataa kumwacha. Dereva teksi ndo hakutaka kubeba samaki anayenuka! Wa pili wakaja kumpata mwaka 1952 Komoro, na kule wavuvi walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombessa, hawana habari kwamba amekufa. Kwetu ikawa hivyohivyo, kuanzia mwaka 2003 na 2004 majarife ya papa yakaanza kuwatoa, huku Tanga wakawa wengi mpaka mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Mimi nilimuona mmoja kwenye boksi la barafu, miaka hiyo. Mkubwa kama mtoto wa miaka kumi amelala. Magamba magumu, ukipitisha mkono kinyume yanakwaruza kama msasa, na madoa meupe kama chokaa imerushwa. Kijana akammulika tochi na jicho likawaka kijani, la paka kabisa, ingawa keshakufa. Watu wote tukarudi nyuma hatua moja halafu tukajifanya hatukurudi.

Nyama kweli haifai, ina mafuta mengi, inaharisha. Ubongo wake ni kituko, ule uwazi wa kichwani ubongo unachukua kama asilimia moja na nusu, kwingine ni mafuta.

Sasa miaka mitano. Zamani walidhani anaishi miaka ishirini tu. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakayaangalia magamba kwa mwanga wa aina nyingine, wakaona mistari myembamba sana kati ya ile minene, kila mmoja mwaka, kama unavyohesabu duara za ndani ya mti uliokatwa. Ikatoka kwamba anaweza kufika miaka mia, jike hazai mpaka akaribie sitini, na mimba ni kama miaka mitano. Hatagi, anazaa watoto hai, jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na 26 tumboni. Kwahiyo sio chumvi. Na piga hesabu mwenyewe wewe mwenye jarife: ukimtoa jike mmoja pale, mwingine wa kushika nafasi yake anaanza kuzaa wakati mjukuu wako ana wajukuu karibu. Akinaswa hai kata uzi, nyavu zinashonwa.

Kasa analia akitaga, ni uchungu? – Sijui Niamini Nini, Pangani

Ni chumvi. Ana tezi karibu na macho zinatoa chumvi ya ziada, hata akiwa majini analia, basi tu hatumuoni. Na moto wa mchanga ndo unaamua watoto watakuwa majike au madume, ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike. Wanaomla wakumbuke Panza kule Pemba, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa nyama ya kasa. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha.

Tumekwenda mapango ya Amboni na shule tukaona popo. Kwanini hawadondoki wakilala, na damu haiwajai kichwani? Na wanakojoaje??? – Kundi la Form Two

Hilo la mwisho ndo mlilotaka kuuliza, msinizunguke.

Kucha za popo zinajifunga kwa uzito wake mwenyewe, anavyoning'inia mishipa inavutwa na kucha zinabana, hatumii nguvu. Nguvu anatumia kuachia. Ndo maana hata akifa anaweza kubaki amening'inia palepale. Damu haimsumbui kwa sababu ni mdogo, mwili mwepesi, wewe ukining'inia hivyo muda mrefu moyo unapata shida, msijaribu kwenye miembe. Na kukojoa, popo wale wakubwa wa matunda wanageuka, wanashika mwamba kwa vile vidole gumba vya mabawani, kichwa juu, wanamaliza, wanarudi kichwa chini. Wana adabu kuliko baadhi ya watu pale stendi.

Mwalimu, mimi ni mkunga. Toleo lililopita umeandika mtoto anazaliwa na mifupa 206 kama mtu mzima ila midogo. Nimezalisha miaka mingi, hapana. Rekebisha kabla wanafunzi hawajafeli. – Dada Mkunga, Muheza

Dada, nimekosea, nimejitetea jana usiku mbele ya mke wangu ikashindikana.

Mtoto anazaliwa na vipande karibu 300, vingi bado ni gegedu, vinaungana taratibu mpaka mtu mzima anabaki na 206. Ushahidi uko kwenye utosi, pale panapopwita mtoto akinyonya, ni nafasi kati ya mifupa ya fuvu ambayo bado haijakutana, na ndiyo inayoruhusu kichwa kubana kidogo kipite njia. Wa nyuma unafunga miezi miwili mitatu, wa mbele mpaka mwaka na nusu hivi. Pale chini ya kiuno mifupa mitano inakuja kuwa mmoja. Na mfupa wa mtulinga, huu wa begani, ndo wa mwisho kabisa kukamilika, mtu ana miaka ishirini na kitu, keshaoa, mfupa bado.

Kuna kijana wa form three aliniandikia hilohilo wiki mbili zilizopita nikamjibu kwa ukali akasome tena. Kijana, nimesoma tena mimi.